Mkeka umetiki, kampuni haitaki kulipa: namna ya kudai ukiwa Mtwara au Lindi

Mkeka (tiketi yako ya kubeti) ukitiki, yaani ukishinda, na pesa isipoingia, watu wa huku kwetu hukimbilia mambo mawili. Mmoja anakwenda kwenye duka la kubeti kugombana na dada wa kaunta, ambaye hana mamlaka ya kulipa zaidi ya kilichomo kwenye droo yake. Mwingine anamwaga hasira kwenye makundi ya WhatsApp kwamba kampuni fulani ni wezi. Huenda wote wawili wana haki kabisa, lakini hakuna anayelipwa kwa njia hizo.

Ni nadra kampuni ya kubeti kubishana na wewe juu ya matokeo ya mechi, kwa kuwa matokeo yanaonekana na kila mtu. Inakunyima kwa kushika kanuni moja kati ya mamia yaliyomo kwenye vigezo na masharti. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuifanya kampuni itaje kanuni hiyo kwa maandishi, kwa namba yake, kisha uoneshe kwamba haikuhusu. Kanuni ikishatajwa mna jambo la kubishania. Kabla ya hapo unarushiana maneno tu na kijana wa huduma kwa wateja.

Mwongozo huu ni wa kampuni zenye leseni ya Tanzania. Za nje nitazigusa baadaye, kwa ufupi, maana hazina mengi ya kukupa matumaini.

1. Hakikisha umeshinda kweli

Usikasirike, hatua hii inaokoa muda. Malalamiko mengi yanafia hapa.

Anza na dakika 90. Dau la kawaida la mshindi wa mechi linahesabu dakika 90 na za nyongeza anazotoa refa, basi. Muda wa ziada na penalti havimo, labda soko lenyewe (aina ya dau uliyochagua) liseme hivyo. Chukua fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 18 Desemba 2022. Argentina alibeba kombe mbele ya Ufaransa kwa penalti 4-2, lakini dakika 90 ziliisha 2-2. Aliyeandika Argentina kushinda mechi alichana mkeka, yaani alipoteza. Aliyeandika Argentina kutwaa kombe alilipwa.

Yanga nao walitupa mfano wa upande wa pili. Tarehe 3 Juni 2023, kwenye marudiano ya fainali, waliwafunga USM Alger 1-0 kwao Algeria, kombe la Shirikisho likaenda kwa Waarabu kwa sababu ya mabao ya ugenini. Aliyebeti Yanga kushinda mechi ile alishinda, ingawa mtaa mzima ulikuwa unalia. Kwa hiyo soma jina la soko kwenye tiketi yako, herufi kwa herufi, kabla hujasoma matokeo.

Jambo la pili ni mechi zilizoahirishwa. Watani wa jadi, Simba na Yanga, walipangiwa kukutana tarehe 8 Machi 2025 na mechi haikuchezwa. Ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga akashinda 2-0. Mtu aliyekuwa na tiketi ya Machi hana dai la ushindi wa Juni. Kampuni nyingi zina kanuni kwamba mechi isipochezwa ndani ya saa kadhaa, mara nyingi 24 au 48, dau linafutwa na hela inarudi. Kwenye mkeka wa mechi nyingi, iliyofutwa inahesabiwa odi (namba inayozidishwa na dau) 1.00 na nyingine zinaendelea.

Ushindi wa mezani ni vivyo hivyo. Oktoba 2024 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipa Nigeria mabao 3-0 dhidi ya Libya kwa mechi ambayo haikuchezwa. Wabetiji hulipwa kwa kilichotokea uwanjani, na uamuzi wa kamati unaokuja baadaye mara nyingi hauhesabiwi.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Tuseme dau ni Sh 2,000 na odi zako ni 1.85, 2.10, 1.60 na 3.00. Zidisha zote: 18.648. Mara dau: Sh 37,296 kabla ya kodi. Ile ya odi 3.00 ikifutwa, jumla inashuka hadi 6.216, na malipo ni Sh 12,432. Nimeona watu wakidai elfu thelathini na saba wakati kampuni ilishawalipa elfu kumi na mbili kwa haki, kisa mechi moja ilikatishwa na mvua na hawakuiona. Ukishapata namba yako, ikiwa haioani na yao, tayari una swali la kuuliza: mechi ipi imefutwa, na kwa kanuni ipi?

2. Kuchelewa si kukataa

Mkeka unaweza kukaa "unasubiri" kwa saa kadhaa, hasa mechi za ligi ndogo ambazo matokeo yake huchelewa kufika kwenye mfumo. Kiasi kikubwa hupitiwa na mtu kabla ya kulipwa. Dukani nako, ukiambiwa hela haipo leo, hiyo siyo kesi bado. Pochi yako ya simu pia ina kiwango cha mwisho cha kupokea kwa siku na cha kuhifadhi. Malipo yakigonga ukuta huo yanarudi kwenye akaunti ya kubeti bila mtu kukuibia.

Ningesubiri siku mbili tatu za kazi. Baada ya hapo ningeanza kuandika.

3. Kusanya ushahidi leo

Hapa ndipo usipofanya haraka utapata shida, na huku kusini kuna sababu zake.

Tiketi ya dukani imechapishwa kwenye karatasi ya joto, ile ileile ya risiti za EFD. Haina wino. Joto ndilo lililoandika na joto ndilo litakaloharibu. Ukiiweka kwenye pochi ya nyuma ya suruali ukaendesha bodaboda kutoka Nanyamba hadi Mtwara mjini juani, utafika na kipande kisichosomeka. Mafuta ya kujipaka, jasho na dashibodi ya gari vinaua vilevile. Ipige picha pande zote mbili siku hiyohiyo, toa fotokopi, halafu iweke ndani ya bahasha kavu. Na tafadhali usiende steshenari kuilaminisha. Mashine ya kulaminisha ni ya moto. Karatasi ya joto inaingia na maandishi inatoka nyeusi tii.

Picha hiyo usiirushe kwenye makundi. Tiketi ya karatasi mara nyingi hulipwa kwa yeyote anayeileta, na mwenye msimbo wake anaweza kukutangulia. Ukilazimika kuionesha, ziba namba na msimbo kwa kidole.

Wanaobeti kwa kitochi, na vijijini Liwale na Nanyumbu bado ni wengi, ushahidi wao ni meseji. Ile meseji ya kuthibitisha dau ndiyo tiketi. Kitochi kikijaa meseji, mtu hufuta zote kwa mkupuo mmoja na mkeka unaondoka nao. Itume kwa simu ya ndugu, na uinakili kwenye daftari pamoja na siku na saa iliyoingia.

Wa simu janja wapige skrinishoti ya vitu hivi:

- mkeka mzima ukionesha namba yake, kila mechi, kila soko, odi, dau, na saa ulipowekwa
- hali ya mkeka ilivyo sasa: umeshinda, unasubiri, umefutwa au umekataliwa
- historia ya akaunti kuanzia ulipoweka pesa hadi leo
- ukurasa wa vigezo na masharti, hasa sehemu ya soko lako, pamoja na tarehe ya toleo kama ipo

Hicho cha mwisho watu hawakipigi. Kampuni ina uwezo wa kubadilisha masharti wakati wowote, na wewe unadai kwa masharti ya siku uliyobeti. Yapige kabla hujalalamika.

Ongeza meseji ya muamala uliowekea hela, iwe ni M-Pesa, Mixx, Airtel Money au HaloPesa. Ina namba ya kumbukumbu ambayo kampuni haiwezi kuikana. Na chukua matokeo rasmi kutoka kwa waendeshaji wa ligi husika. Programu za matokeo hukosea, hasa kona na kadi.

Angalia saa kwa makini. Tiketi itasema 16:00 na wewe utaandika saa 10. Andika yote mawili: "saa 10:00 jioni (16:00)". Mifumo mingine inahesabu kwa saa za nje, na sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Tiketi inaweza kuonesha 13:05 kwa dau uliloweka saa kumi na dakika tano jioni. Mtu amewahi kushutumiwa kubeti mechi ikiwa inaendelea, kumbe ni saa tu zilizosomwa vibaya, na meseji ya M-Pesa ndiyo iliyomtoa.

Mwisho wa hatua hii: acha kubeti kwenye akaunti hiyo. Najua inauma. Lakini ukiendelea kuingiza na kutoa, historia inavurugika, na salio linalogombewa linachanganyika na mikeka mipya. Halafu usiguse bonasi ya pole watakayokutupia mpaka usome masharti yake, maana baadhi huja na sentensi ya kufunga lalamiko.

4. Uliza swali moja kwa maandishi

Piga simu ukitaka, lakini simu haiachi alama. Tumia barua pepe ya huduma kwa wateja. Kama umeanzia kwenye dirisha la mazungumzo la programu, piga skrinishoti za mazungumzo yote kabla hujalifunga. Swali ni hili:

"Habari. Mkeka wangu namba ____ wa tarehe ____ haujalipwa. Naomba mnitajie namba ya kanuni mliyotumia kutolipa, mechi inayohusika, na muda mlioufanya uamuzi huo."

Usiongeze matusi wala historia ya maisha. Ukijibiwa "kwa mujibu wa vigezo na masharti yetu", hilo si jibu. Rudisha swali lilelile, neno kwa neno, mara ya pili. Ukikaa kimya wataona umeridhika.

5. Sababu watakazotoa, na jinsi ya kuzijibu

*Kosa la wazi la odi.* Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote. Kanuni inasema kampuni ikiandika odi kimakosa, mfano 15.0 badala ya 1.50, ina haki ya kurekebisha. Mara nyingine ni kweli: timu kubwa nyumbani kwake haiwezi kuwa na odi 15 na wewe unalijua hilo. Lakini uliza mambo matatu. Odi sahihi ilikuwa ngapi? Kampuni nyingine siku hiyo ziliweka ngapi kwa mechi hiyohiyo? Na kosa waligundua lini, kabla ya mechi au baada ya kuona umeshinda? Kama wenzao waliweka 2.10 na wao 2.40, hilo si kosa la wazi, ni biashara yao tu. Na hata kosa likithibitika, soma kanuni inavyosema: nyingi zinaamuru mkeka ulipwe kwa odi sahihi. Kuufuta mkeka mzima wa mechi nane kwa sababu ya odi moja ni jambo la kupinga.

*Ulibeti mechi imeshaanza.* Jibu lake ni muda. Linganisha saa ya tiketi, saa ya muamala na saa ambayo mpira ulianza kweli. Ligi yetu ratiba hupanguliwa mara kwa mara, na mechi ya Namungo pale Ruangwa ikisogezwa kutoka saa 10 hadi saa 8 mchana bila mfumo kusasishwa, kampuni itasema dau lako halihesabiki. Kwenye hilo kanuni huwa upande wao, nisikudanganye. Unachodai hapo ni mechi hiyo moja ihesabiwe 1.00 na mkeka uendelee.

*Una akaunti zaidi ya moja.* Vijana wanaokaa geto moja pale Shangani na kutumia hotspoti moja hukamatwa kwa hili bila hatia. Mfumo unaona simu tatu zinatoka mlango mmoja na kuhisi ni mtu mmoja anayekula bonasi mara tatu. Onesha namba tofauti za NIDA, laini tofauti, na miamala tofauti ya kuweka pesa. Kama kweli ni wewe mmoja mwenye akaunti tatu, dai lako ni gumu na ni bora urudishiwe madau tu.

*Taarifa zako hazioani.* Hili huku ni janga. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji, akaunti ina jina lako, na pesa inakwenda kwa jina la tatu. Piga *106# kuangalia usajili. Usikimbilie kubadilisha mmiliki wa laini katikati ya mgogoro, itaonekana unaficha kitu. Mwenye laini aandike barua fupi kukiri kwamba namba unaitumia wewe, aambatishe kitambulisho chake, na mtendaji wa mtaa au kijiji agonge muhuri. Haitoshi kila mara, lakini inaondoa hoja ya kwamba mwenye akaunti hajulikani. Na kama mwenye akaunti ana umri chini ya miaka 18, hapo hakuna dai, sheria imeshafunga mlango.

*Umevuka kikomo cha malipo.* Kila kampuni ina kiwango cha juu cha kulipa kwa mkeka au kwa siku. Kama kimeandikwa, kinakufunga. Lakini kikomo kinapunguza malipo, hakiyafuti.

*Mechi inachunguzwa.* Inawezekana, upangaji matokeo upo. Uliza ni nani anayechunguza na lini utapewa jibu. Uchunguzi usio na mwenyewe wala mwisho uupeleke Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inayotoa leseni (hatua ya 7).

*Tiketi imepitwa na muda.* Karatasi za dukani zina tarehe ya mwisho ya kudai. Kama ulikwenda ndani ya muda ukaambiwa urudi kesho, ndiyo maana unatakiwa kuandika siku, saa na jina la duka kila unapokwenda.

6. Barua ya dai

Swali likishajibiwa, au siku saba zikipita kimya, andika barua kamili. Itume kwa barua pepe, na nakala ipeleke kwa mkono kwenye duka lao la karibu ukiwa na nakala ya pili ya kusainiwa kwamba imepokelewa. Wakigoma kusaini, iende kwa EMS pale Posta, risiti ya Posta inatosha kuonesha umeituma. Usipande basi kwenda makao makuu. Ni zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, nauli na malazi vinaweza kula nusu ya ushindi, na waliokuwa njiani Mei 2024 barabara ilipokatika Somanga wanajua safari hiyo inavyoweza kugeuka. Ukifika utaambiwa tu uandike barua pepe.

Mfano:

> Meneja, Huduma kwa Wateja
>
> YAH: DAI LA MALIPO YA MKEKA NAMBA ________
>
> Mimi ni mteja wenu mwenye akaunti namba ________, mkazi wa ________, Wilaya ya Tandahimba.
>
> Tarehe ____ saa ____ niliweka dau la Sh ____ kwenye mkeka uliotajwa. Mechi zote zimeshinda kwa matokeo yaliyoambatishwa. Malipo yanayostahili kabla ya kodi ni Sh ____, hesabu iko ukurasa wa pili.
>
> Tarehe ____ mlinijibu kwamba hamtalipa kwa kutumia kanuni namba ____. Kanuni hiyo hainihusu kwa sababu ________.
>
> Naomba mnilipe, au mnipe uamuzi wenu wa mwisho kwa maandishi, ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Baada ya hapo nitalifikisha suala hili Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Naomba pia mhifadhi kumbukumbu zote za mfumo zinazohusu mkeka huu.

Pale kwenye "kwa sababu" weka sentensi mbili au tatu tu. Moja ya ukweli, moja ya maneno ya kanuni yenyewe, na ya tatu ya kielelezo: "tazama kiambatisho C". Siku 14 ni muda wangu wa busara, si wa kisheria.

Ile sentensi ya kuhifadhi kumbukumbu usiifute. Seva yao inajua sekunde uliyobeti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuomba taarifa zako zinazoshikiliwa na taasisi, na kampuni ya kubeti ni mojawapo. Ukiona wanabishia muda, omba historia ya akaunti yako kwa kutaja sheria hiyo. Nayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, ila mtu ataangalia ulitunzwaje. Kwa hiyo skrinishoti ya asili ibaki kwenye simu, usiikate wala kuichora mishale. Chora kwenye nakala. Na usithubutu kutengeneza skrinishoti ya uongo ili dai linoge: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 itakufanya wewe uwe mshitakiwa.

Wakikulipa sehemu, pokea, kisha waandikie siku hiyohiyo: "Nimepokea Sh ____ kama sehemu ya malipo. Dai la salio linaendelea."

7. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha

Bodi hii iko chini ya Wizara ya Fedha na ilianzishwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, ya mwaka 2003. Ndiyo inayotoa leseni na ndiyo inayoweza kuigusa. Kampuni inayokupuuza wewe uliyeko Kilwa Kivinje haiwezi kumpuuza mtoa leseni wake, na hilo ndilo fimbo pekee ya kweli uliyonayo.

Kwanza hakikisha kampuni ina leseni. Dukani, leseni iangalie ukutani. Mtandaoni, tazama jina la kampuni chini kabisa ya ukurasa, kisha lilinganishe na orodha ya Bodi kwenye gamingboard.go.tz. Linganisha jina la kampuni iliyosajiliwa, maana jina la biashara linaweza kuwa jingine.

Lalamiko lako liwe na kurasa chache. Ukurasa wa kwanza ueleze mambo kwa mpangilio wa tarehe, mstari mmoja kwa tukio moja. Kisha barua yako, jibu lao, mkeka, muamala, matokeo, na nakala ya ile kanuni. Vipe vielelezo herufi, A, B, C. Malizia kwa ombi lililo wazi: unataka ulipwe kiasi gani. Afisa anayesoma malalamiko siku nzima atashukuru kukuta namba, na asiyekuta namba atakuandikia kukuomba, wiki nyingine hizo zimekwenda.

Ukiona kimya, kuna e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa malalamiko na maoni. Unaingia kwa mtandao au kwa kupiga *152*00#, unachagua taasisi, na unapewa namba ya kufuatilia. Nao tumia kuulizia lalamiko lako lilipofikia, usianze kuhadithia upya.

Kama kampuni ni ya nje, yenye leseni ya Curaçao au isiyosema leseni yake ni ya wapi, Bodi haina cha kuinyang'anya. Unaweza kulalamika kwa aliyewapa leseni huko, kwa Kiingereza. Mimi ningeandika barua moja, nikachukua salio linalotoka, nikaondoka.

8. Mahakama

Fupi tu. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ina kifungu kinachoyahesabu makubaliano ya kamari kuwa batili, na wakili wa kampuni anaweza kukitoa mfukoni. Upande wako utasema huu ni mchezo wenye leseni chini ya Sura ya 41. Hoja hiyo si ya kuibeba peke yako. Kwa ushindi wa laki mbili haina maana. Kwa milioni kadhaa, tafuta wakili au msaidizi wa kisheria kwanza, wapo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako itakuelekeza kwao. Nenda na faili lilelile ulilopeleka Bodi, pamoja na jibu la Bodi.

Polisi si wakusanya madeni. Nenda huko pale tu panapokuwa na wizi au kughushi, mfano wakala kalipwa kwa tiketi yako.

9. Watakaokunusa

Ukishalalamika hadharani, watakuja. Atapiga mtu akisema ni afisa wa kampuni, ushindi wako umepitishwa, bali kuna kodi ya elfu arobaini utume kwanza ili malipo yafunguke. Kodi ya ushindi haitumwi na mshindi. Kampuni inaikata yenyewe na kuipeleka TRA. Anayekuomba utume chochote ili ulipwe ni tapeli, meseji yake itume 15040.

Msimu wa korosho wanaongezeka, kwa sababu wanajua minada imelipa na watu wana hela kwenye simu. Pamoja nao kuna dalali anayesema ana mtu ndani ya Bodi. Kuwasilisha lalamiko hakuhitaji dalali. Na hakuna afisa anayehitaji namba yako ya siri.

10. Pesa ikiingia

Usifute kitu bado. Chukua kiasi kamili cha mkeka, toa kodi ya ushindi kwa kiwango cha mwaka huu (hubadilika kwenye Sheria ya Fedha, inayoanza kila Julai, kwa hiyo usitumie cha mwaka jana), kisha linganisha na kilichoingia. Tazama pia kama wamekata kodi kwenye kiasi chote au baada ya kutoa dau lako, na masharti yao yanasemaje. Ikipungua, omba mchanganuo kwenye barua pepe ileile uliyoanza nayo, chini ya mazungumzo yaleyale, na nakala kwa Bodi kama lalamiko lilishafika huko. Ikiwa sawa, waandikie Bodi mstari mmoja kwamba umelipwa, tarehe na kiasi, wafunge faili.